Safu ya Ushauri: Nilimtaja mume wa marehemu kwenye podikasti yangu, sasa ndugu wameniandikia

SWALI

Ndugu mshauri, salaam.

Nina kazi ya kutwa, na kwa miezi miwili na ushee sasa naendesha podikasti ya kesi za mauaji. Naifanya peke yangu, usiku. Nimeshatoa vipindi tisa, kimoja kila Ijumaa, cha dakika 40 hadi 45. Kwa wiki napata saa nane hivi za kuishughulikia. Wasikilizaji wanaongezeka na hilo linanipa moyo, ila kuna mambo yamenifika shingoni.

Kipindi cha saba kilimhusu mama mmoja aliyeuawa nyumbani kwake miaka kumi na moja iliyopita. Hakuna aliyewahi kushtakiwa. Hewani nilisema "inadaiwa mumewe ndiye aliyemuua". Niliyatoa hayo kwenye magazeti mawili ya wakati ule na kwenye mjadala wa mtandaoni. Juzi mdogo wa marehemu ameniandikia. Anasema alisikia kifo cha dada yake kikisimuliwa hatua kwa hatua, kikakatwa katikati na tangazo, na kwamba nimetaja majina ya watoto na mtaa wanaoishi. Anaomba nikiondoe. Sijamjibu.

Kabla sijatulia, msikilizaji mwingine kaniletea jina la jirani wa wakati ule, anasema ana uhakika ndiye. Nimedokeza hilo kwenye ukurasa wangu, sasa watu wanataka nilisome hewani.

Halafu kuna sauti. Naambiwa nasikika kama niko ndani ya pipa. Nilinunua maikrofoni ya kondensa nzuri tu, nikaweka programu ya kuondoa kelele, ndiyo kwanza mambo yakazidi.

Nimechoka na usingizi umepungua. Niache? Na kama naendelea, nianzie wapi?

Msimulizi wa Usiku

JIBU

Ndugu Msimulizi,

Usiache. Ila Ijumaa hii usitoe kipindi, na leo hii, kabla hujalala, kishushe kile cha saba. Kishushe chote. Usijaribu kukata ile sentensi moja ukakirudisha usiku huohuo, kwa sababu shaka haiko kwenye sentensi tu. Kipindi kizima kimejengwa kuelekea kwa mume, na ukiondoa jina lake msikilizaji atafika kwake kwa miguu yake mwenyewe. Kwenye akaunti ya huduma inayohifadhi sauti zako, kiweke kiwe rasimu badala ya kukifuta kabisa. Hifadhi pia faili lenyewe, hati uliyosoma na barua zote ulizopokea. Ikiwa siku moja mwanasheria atahitaji kuona ulichosema hasa, utakuwa nacho.

Neno "inadaiwa" limewadanganya wengi. Wanaliona kama mwavuli, nalo halizuii mvua. Katika nchi nyingi sheria ya kashfa humhesabu anayerudia uvumi sawa na aliyeuanzisha, na kwa Uingereza, kwa mfano, anayeshtakiwa kwa kashfa ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba alichosema ni kweli. Kwa hiyo kila kalamu yako inapoandika "inadaiwa" au "inasemekana", simama ujiulize: nani anadai, lini, na amedai wapi? Ukiweza kujibu, andika jibu lenyewe: "Mpelelezi aliiambia mahakama tarehe fulani kwamba…" Usipoweza, hiyo sentensi haina mwenyewe, na isiyo na mwenyewe haisomwi hewani.

Magazeti mawili nayo si lazima yawe vyanzo viwili. Yachukue uyasome sambamba. Yakiwa na maneno yaleyale, makosa yaleyale ya umri au tahajia ya jina, yamenakili taarifa moja, na hapo una chanzo kimoja kilichovaa nguo mbili. Mjadala wa mtandaoni uliousoma huenda nao umetokana na magazeti hayohayo.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika yaliyompata Richard Jewell, mlinzi aliyeliona begi lenye bomu katika bustani ya Olimpiki mjini Atlanta mwezi Julai 1996 na kusaidia kuwaondoa watu. Siku chache baadaye vyombo vya habari vikamtangaza kuwa ndiye anayechunguzwa. Taarifa haikuwa ya uongo kwa maana ya kwamba wapelelezi walikuwa kweli wanamchunguza. Alikaa siku 88 chini ya kamera hadi waendesha mashtaka walipoandika barua kusema si mlengwa wa upelelezi. Aliyetega bomu, Eric Rudolph, alikiri kosa mwaka 2005. Fikiria sasa huyo mume. Kama hakumuua mkewe, amefiwa, na kwa miaka kumi na moja amekuwa akiishi na minong'ono, kisha sauti yako ikaipa minong'ono hiyo njia mpya ya kufika kazini kwake na shuleni kwa wanawe.

Kukishusha hakutoshi peke yake. Waliokwisha kukipakua bado wanacho kwenye simu zao, na huna namna ya kuwafikia humo. Ndiyo maana masahihisho husemwa pia mwanzoni mwa kipindi kinachofuata na kuandikwa kwenye maelezo yake. Yaseme kwa sentensi mbili au tatu, bila kumtaja tena mhusika kwa jina na bila kurudia tuhuma: "Katika kipindi cha saba tulitoa madai kuhusu mtu ambaye hajawahi kushtakiwa. Hatukuwa na ushahidi wa kuyaunga mkono. Tumeyaondoa na tunamwomba radhi." Kabla ya kuyatangaza, lipa ushauri wa mwanasheria anayejua kashfa na habari, hata kama ni wa saa moja tu, umwonyeshe maneno hayo. Jinsi ya kuomba radhi nayo ina taratibu zake kisheria, na zinatofautiana nchi na nchi.

Sasa mdogo wa marehemu. Mjibu leo. Usimpe somo kuhusu habari ambazo "zilishatoka hadharani", maana yeye hakubishana nawe juu ya hilo. Mwandikie kwa ufupi: pole kwa msiba wa dada yake, kipindi kimeondolewa tangu saa fulani, majina ya watoto na mtaa hayatatajwa tena, na hutafanya kipindi kingine kuhusu kesi hiyo bila kumjulisha kwanza. Usimwombe mahojiano katika barua hiyo. Hata kwa kudokeza. Ukifanya hivyo utakuwa umegeuza pole yako kuwa biashara, na atalitambua hilo upesi kuliko unavyodhani. Akitaka kuzungumza siku moja, atajua pa kukupata.

Uliyoyafanya pale yana kanuni zake, na afadhali uziandike ukutani. Majina ya watoto hayatajwi, hata kama magazeti yaliyataja. Mtaa na namba ya nyumba havina kazi yoyote katika simulizi. "Kitongoji kimoja pembeni ya mji" kinatosha. Aliyefanyiwa ukatili wa kingono hatambulishwi bila idhini yake, na nchi nyingi zimelifanya hilo kuwa kosa la jinai. Picha ya marehemu uliyoichukua kwenye mtandao wa kijamii ni mali ya aliyeipiga, haikugeuka ya wote kwa kuwa mwenye sura amefariki. Kuhusu majeraha, ripoti ya uchunguzi wa maiti inaweza kuwa na kurasa nyingi, lakini msikilizaji anahitaji yale tu yanayobadilisha uelewa wake wa kesi: kwamba muda wa kifo unapingana na maelezo ya shahidi, kwa mfano. Ukitaka kupima, soma aya yako huku ukimfikiria huyu mdogo wa marehemu akiwa jikoni anakusikiliza. Pale unapoona haya, kata. Kifo kikiwa cha kujiua, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wanahabari unashauri usieleze njia wala mahali kilipotokea, kwa kuwa maelezo hayo yanaweza kumsukuma aliye hatarini afanye vilevile. Na tangazo likae mwanzoni, au kwenye mpito kati ya sura na sura. Kamwe lisiwekwe dakika tatu kabla au baada ya kifo.

Barua ya yule msikilizaji wa pili ina moto zaidi kuliko zote, japo wewe umeiona kama zawadi. Usiisome hewani, usimjulishe mtu jina lililomo, usimtafute huyo jirani, na usikubali kukutana na mwandishi wake peke yako. Ihifadhi kama ilivyofika, pamoja na taarifa za kiufundi zilizo kwenye kichwa cha barua pepe, kisha uipeleke kwa polisi wanaohusika na kesi hiyo, na uandike tarehe na jina la aliyeipokea. Mjibu aliyeituma kwa mstari mmoja: umeipokea, hutaitangaza, na kama ana taarifa azifikishe polisi mwenyewe. Pale ukurasani kwako futa ule udokezi na uwaambie watu kwamba hapatasomwa jina lolote.

Mwaka 2013, baada ya mabomu kwenye mbio za marathoni za Boston, watu waliokuwa wakichambua picha mtandaoni walimtaja mwanafunzi mmoja aliyekuwa ametoweka mwezi mmoja kabla. Hakuhusika hata kidogo. Ilibainika baadaye alikuwa ameshafariki, na familia iliyokuwa ikimtafuta mtoto wao ndiyo iliyomiminiwa matusi. Hakuna hata mmoja kati ya waliomtaja aliyedhani anafanya ubaya. Kila mmoja alikuwa na uhakika, kama huyu msikilizaji wako.

Baada ya hayo ya dharura, tuje kwenye chanzo, maana haya yote matatu, na uchovu wako juu yake, yametoka sehemu moja: hesabu ya saa. Kipindi cha dakika 30 tu, kikifanywa sawasawa na mtu mmoja, hula takriban saa 12 za kusoma na kutafuta nyaraka, saa 6 za kuandika, 3 za kuhakiki sentensi kwa sentensi, moja na nusu ya kurekodi, 5 za kuhariri, moja ya kusawazisha sauti na moja ya kuandika maelezo na kukipandisha mtandaoni. Hiyo ni saa 29 na nusu. Wewe una 8 kwa wiki, na kipindi chako ni cha dakika 45. Kitu lazima kikatwe, na kinachokatwa siku zote ni uhakiki, kwa sababu kasoro yake haisikiki. Mwangwi unasikika. Chanzo kilichokosekana hakisikiki mpaka barua ifike.

Kwa hiyo acha kutoa kila wiki. Fanya misimu. Vipindi vinne vya dakika 25 hadi 30 juu ya kesi moja ni bora kuliko kesi nne zilizosomwa juujuu, kwani utafiti wa kesi moja utakulisha msimu mzima, na saa zile 12 hazitarudiwa mara nne. Kwa saa 8 kwa wiki, msimu kama huo utakuchukua wiki 10 hadi 12. Usitoe hata kipindi kimoja mpaka vyote vinne viwe vimeandikwa na kuhakikiwa, na angalau viwili viwe vimerekodiwa, kwa sababu jambo utakalogundua ukiandika cha nne mara nyingi hubadilisha ulichosema katika cha kwanza. Hewani unaweza kuvitoa kila wiki au kila baada ya wiki mbili. Wasikilizaji huvumilia ukimya wenye tarehe ya mwisho. Wanachokikimbia ni ahadi inayovunjwa kila Ijumaa.

Katika kuchagua kesi, anzia kwenye zile ambazo rufaa zake zimekwisha. Humo kuna hazina ambayo wanaoanza huipita: hukumu ya rufaa. Jaji wa rufaa hulazimika kueleza upya mambo yaliyotokea, ushahidi wa kila upande, na hoja ya mzozo, mara nyingi katika kurasa 10 hadi 40, na nyingi hupatikana bure kwenye hifadhi za hukumu mtandaoni. Isome hiyo kwanza, kabla ya gazeti lolote. Kisha rudi nyuma: hukumu ya mahakama ya kwanza, hati ya mashtaka, na mwenendo wa kesi, ambao ndani yake kuna maswali na majibu ya mashahidi. Hivi huombwa masjala ya mahakama kwa namba ya kesi, na si kwa jina la marehemu. Namba hiyo utaikuta juu kabisa ya hukumu ya rufaa. Omba mapema, kwa maandishi, maana majibu yanaweza kuchukua wiki. Magazeti ya wakati ule yana faida yake, ila faida hiyo ni kuonyesha watu waliambiwa nini siku ile, na hilo ni tofauti na kilichotokea.

Kesi iliyo mahakamani sasa hivi iache. Katika nchi nyingi kuchapisha mambo yanayoweza kuathiri kesi inayoendelea ni kudharau mahakama. Na pasipo adhabu pia, unaweza kuiharibu haki unayoitetea. Huko Australia, gazeti moja lilitoa podikasti mwaka 2018 kuhusu Lynette Dawson, aliyetoweka Januari 1982. Mumewe alikamatwa Desemba 2018. Mwaka 2019 podikasti ikaondolewa nchini humo ili isiathiri kesi, mwaka 2020 jaji akasimamisha shauri kwa muda kwa sababu mojawapo ikiwa ni kelele zile, na hatimaye lilisikilizwa mwaka 2022 na jaji peke yake bila jopo la raia wa kuamua hatia. Alitiwa hatiani Agosti mwaka huo. Podikasti ilirudisha macho ya watu kwenye kesi iliyosahaulika, na wakati huohuo nusura iwe kikwazo cha kuisikiliza. Yote mawili ni kweli.

Ukishakuwa na nyaraka, fungua majedwali mawili. La kwanza ni la nyakati: tarehe, saa, tukio, chanzo, ukurasa. Jaza kila kitu, hata kinachoonekana kidogo. Hapo ndipo utakapoona kwamba shahidi aliyesema alimwona mtu saa mbili usiku alisema saa tatu kwa polisi. La pili ni la uhakiki, na hili hulifungua baada ya kumaliza kuandika. Kila sentensi yenye dai inapata namba yake, chanzo chake, ukurasa, na hali yake: imethibitishwa, ina mashaka, haina chanzo. Dai moja linahitaji hati moja ya msingi, au vyanzo viwili visivyonakiliana. Dai linalomgusa mtu aliye hai kwa ubaya linahitaji vyote. Sentensi isiyo na chanzo hufutwa usiku huohuo, hata kama ndiyo tamu kuliko zote. Na ukimtegemea mwandishi mwingine, mtaje hewani, usiishie kumweka kwenye maelezo. Mwaka 2019 podikasti moja kubwa ya uhalifu ya Marekani ililazimika kuondoa vipindi kadhaa baada ya kulaumiwa kutumia kazi za waandishi bila kuwataja.

Kiswahili chenyewe kinakupa vyombo vya usahihi, vitumie. Mshukiwa ni yule ambaye wapelelezi wanamwangalia. Mtuhumiwa ana tuhuma iliyotamkwa dhidi yake. Mshtakiwa amesomewa mashtaka. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu anayeitwa muuaji. Neno hilo linangoja kutiwa hatiani, na linaondolewa rufaa ikitengua. Kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia ni makosa mawili. "Aliachiwa huru" nayo inaficha mengi: je, mahakama ilimwona hana hatia, ilimwona hana kesi ya kujibu, au mashtaka yaliondolewa tu na yanaweza kurudishwa? Andika kile hasa kilichotokea. Na marehemu mwite kwa jina lake. Ukisoma hati yako ukakuta jina la mshtakiwa limetajwa mara 40 na la marehemu mara 6, umeandika habari ya mtu mwingine.

Kama kuna mtu aliye hai unayemgusa, mpe haki ya kujibu. Mwandikie madai mahususi, sio "tunafanya kipindi kukuhusu". Mpe siku 7 hadi 14, mweleze jibu lake litatumikaje, na uhifadhi uthibitisho kwamba ulituma. Asipojibu, sema hivyo hewani bila kunong'ona kana kwamba kunyamaza ni kukiri. Ukimhoji mtu, ombi la ridhaa na jibu lake viwe ndani ya rekodi yenyewe, kwa kuwa sheria za kurekodi mazungumzo hutofautiana, na baadhi ya maeneo hudai ridhaa ya wote walio kwenye mazungumzo.

Sauti yako sasa. Kosa haliko kwenye ubora wa maikrofoni. Kondensa imeumbwa isikie kila kitu, pamoja na kuta zako. Katika chumba kisichotulizwa, maikrofoni ya dainamiki yenye usikivu wa upande mmoja itakutumikia vizuri zaidi. Samson Q2U huchomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta kwa USB, na Shure SM58 huhitaji kisanduku cha kuiunganishia na kompyuta. Lakini kabla hujanunua chochote, sogea. Ukitoka sentimita 40 hadi 10, sauti yako inapanda takriban desibeli 12 huku mwangwi wa chumba ukibaki palepale. Hakuna programu itakayokupa hilo. Weka maikrofoni pembeni kidogo ya mdomo, ikielekea kona ya midomo, ili pumzi za "p" na "b" ziipite. Kaa ukitazamana na kabati la nguo lililo wazi, mgongoni kwako ning'iniza blanketi mbili nzito, chini weka zulia au godoro. Zima feni na friji. Funguo za nyumba ziweke ndani ya friji, hutaweza kutoka bila kukumbuka kuiwasha.

Rekodi kwa WAV, biti 24, kilohezi 48, vilele vikicheza karibu na desibeli -12. Kabla ya kuanza, nyamaza sekunde 30 huku kinasa kikifanya kazi. Ukimya huo wa chumba utautumia kuziba mapengo ukikata maneno. Programu ya kuondoa kelele ndiyo iliyokuwa ikikuharibia: haiwezi kutenganisha mwangwi na sauti, kwa hiyo ukiikaza inakula vyote viwili na kuacha ule mlio wa majini. Ipunguze hadi desibeli 6 au uiache. Mpangilio unaofaa ni huu: kata masafa ya chini ya hezi 80, punguza kelele kidogo kama ipo, bana sauti kwa uwiano wa 3 kwa 1, kisha pandisha hadi -16 LUFS (kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti) kwa stirio au -19 kwa mono, kilele kisivuke desibeli -1. Toa MP3 ya mono ya kilobiti 64 kwa sekunde. Dakika 30 zitakuwa megabaiti 14 na kidogo, nusu ya zile za kilobiti 128, na msikilizaji anayehesabu bando lake atakushukuru. Nakala ziwe tatu, mbili kwenye vifaa tofauti na moja nje ya nyumba.

Urefu wa hati upime kwa mdomo wako. Usomaji uliotulia wa Kiswahili huenda maneno 100 hadi 120 kwa dakika, kwa hiyo dakika 28 ni kama maneno 3,000.

Mengine ni ya haraka. Barua pepe iliyo kwenye mlisho wa RSS, yaani faili linalosambaza vipindi vyako kwenye programu za kusikilizia, huweza kuonekana na yeyote, basi tumia ya podikasti, si yako binafsi. Muziki wenye leseni inayokataza biashara hauruhusiwi ukishaweka tangazo. Huduma ya kuhifadhi sauti ichague inayokuruhusu kuuhamisha mlisho wako siku ukitaka kuondoka, la sivyo wasikilizaji wanabaki huko.

Na huo usingizi. Picha na rekodi za matukio humwingia mtu hata kama hakuwahi kufika eneo la tukio. Dart Center for Journalism and Trauma, kituo cha Marekani kinachohusika na wanahabari na kiwewe, wameshughulika na jambo hili kwa waandishi kwa miaka mingi. Zipunguze picha ziwe ndogo, ziondoe rangi, video itazame kwanza bila sauti, na usifungue lolote kati ya hayo ndani ya saa mbili kabla ya kulala. Kuhariri ndiko kuzito kuliko kunavyodhaniwa, kwa kuwa unarudia sentensi ileile ya kilio mara thelathini. Kufanye mchana, Jumamosi. Usiku ubaki wa kujaza majedwali. Usingizi usiporudi baada ya wiki tatu au nne za mapumziko, mwone mtaalamu wa afya ya akili na umweleze kazi unayoifanya usiku.

Ijumaa hii, badala ya kipindi, weka sauti ya dakika mbili. Waambie kipindi cha saba kimeondolewa kwa kuwa hakikukidhi kiwango, soma masahihisho yale yaliyopitishwa na mwanasheria, sema hakuna jina litakalosomwa na kwamba wenye taarifa wazipeleke polisi. Wape mwezi ambao msimu mpya utaanza. Hesabu wiki 12 kutoka leo, ongeza 2.